Baba Mkwe wa Ulaya

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wana chama)



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu, na habari tuliyoichagua ni ya mfalme mmoja ambaye jina lake halitajwi sana katika nchi zetu. Ni Christian wa Tisa, Mfalme wa Denmark, aliyezaliwa mwaka 1818 akafariki mwaka 1906. Watu wa Ulaya walimpa jina la utani, wakamwita Baba Mkwe wa Ulaya. Na jina hilo hawakulitoa bure. Siku alipokata roho, Mfalme wa Uingereza alikuwa mkwewe, Mfalme wa Ugiriki mwanawe, Kaisari wa Urusi mjukuu wake, na Mfalme wa Norwei mjukuu wake vile vile.

Hatukuichagua habari hii kwa kuwa twapenda kuhesabu taji za watu. Tumeichagua kwa sababu ya neno moja linalosemwa mara nyingi, kwetu na kwao, kwamba wenye kuoana hawapigani. Wazee wetu katika makabila mengi walipotaka kuumaliza uadui na jirani walimtoa binti akaolewe ng'ambo ya pili ya mto, na mara nyingi jambo hilo lilifaa. Wafalme wa Ulaya nao walifanya hivyo karne nyingi, na ni wachache waliofanya kwa bahati kubwa kama mzee huyu wa Denmark. Basi na tutazame: je, wakwe zake walimfaa? Na pale wasipomfaa, sababu yake nini? Jawabu latuhusu sisi tulio makarani na watumishi, kama mtakavyoona. Tena vita vilivyotoka katika nyumba hizo za kifalme havikukaa Ulaya, vilifika hata milangoni petu.

Christian hakuzaliwa kuwa mfalme. Alikuwa mwana wa kiume wa nne wa mtawala mdogo, mwenye ukoo mrefu na mali chache. Baba yake alikufa mwaka 1831, naye mtoto hajatimiza miaka 13. Akapelekwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, akasomeshwa uaskari. Mwaka 1838 alitumwa London kwa niaba ya mfalme wake, kuhudhuria siku ya kutawazwa Malkia Victoria. Yasemekana kijana huyo alitumaini kumposa Malkia mwenyewe. Posa haikufika mbali. Victoria aliolewa na Albert mwaka 1840, na Christian akarudi kwao akamwoa binti mmoja wa Hesse, jina lake Louise, mwaka 1842.

Na bibi huyu ndiye aliyemletea ufalme. Mfalme wa Denmark wa zamani zile, Frederik wa Saba, alioa mara tatu wala hakupata mtoto wa kumrithi. Haki ya damu iliyo karibu ilikuwa upande wa Louise, kwa kuwa mama yake alikuwa dada wa mfalme aliyetangulia. Jamaa zake wakaiacha haki yao kwa ajili yake, naye akamwachia mumewe. Mwaka 1852 mataifa makubwa yalikutana London, yakatia sahihi mapatano kwamba Christian ndiye atakayerithi. Yaani mtu huyu aliingia katika orodha ya wafalme kwa njia mbili: ndoa na karatasi. Tunawaomba mzishike mbili hizo, maana habari yetu yote ni juu ya nguvu ya ile moja na nguvu ya ile nyingine.

Katika miaka ya kungoja walikaa katika nyumba moja mjini Copenhagen iliyoitwa Jumba la Manjano. Jumba ni jina tu. Ilikuwa nyumba ya kando ya barabara, karibu na kasri la mfalme. Walizaa watoto sita: Frederik, Alexandra, Wilhelm, Dagmar, Thyra na Valdemar. Mapato yao yalikuwa madogo kwa watu wa cheo chao. Alexandra na Dagmar walilala chumba kimoja cha juu, wakajifunza kushona nguo zao wenyewe, na mtunga hadithi mashuhuri Hans Christian Andersen alikuwa akifika kuwasimulia watoto hadithi zake. Makarani wenzetu mtayafahamu maisha ya namna hiyo: cheo kikubwa, mshahara mdogo, na wageni wengi. Lakini wote walioandika habari za nyumba ile wakubaliana kwamba ilikuwa nyumba ya upendo, na watoto hawakuacha kupendana mpaka uzeeni. Jambo hilo tunalisema mapema ili mtu asidhani kwamba yatakayofuata yalitokea kwa kuwa hapakuwa na upendo. Upendo ulikuwapo tele.

Kisha ukaja mwaka 1863, mwaka wa ajabu katika nyumba ile. Tarehe 10 Machi, Alexandra, mwenye umri wa miaka 18, aliolewa katika kanisa la Windsor na mrithi wa ufalme wa Uingereza, mwana wa Malkia yule yule ambaye baba yake alitumaini zamani kumposa. Siku 20 baadaye Wagiriki, waliokuwa wamemfukuza mfalme wao, walimchagua Wilhelm, kijana wa miaka 17, awe mfalme wao. Naye akabadili jina akaitwa George. Kwa hiyo mwana alichaguliwa kuwa mfalme kabla ya baba. Tarehe 15 Novemba Frederik wa Saba alikufa, na Christian akakaa katika kiti cha enzi cha Denmark. Aliyewaona mwanzo wa mwaka huo katika nyumba yao ya kando ya barabara, hangewajua mwisho wake.

Mtu angesema: sasa mzee huyu amekaa salama. Binti yake atakuwa malkia wa dola yenye manowari nyingi kuliko zote. Ni nani atakayethubutu kumgusa? Lakini haikupita hata miezi mitatu.

Chini ya ufalme wa Denmark palikuwa na nchi mbili za kusini, Schleswig na Holstein. Holstein ilikaliwa na watu wasemao Kijerumani, na Schleswig ilichanganya Wadenmark na Wajerumani. Siku tatu tu baada ya kushika ufalme, mawaziri wake walimletea Christian sheria mpya ya kuiunganisha Schleswig na Denmark. Alijua hatari yake, kwa kuwa sheria hiyo ilipingana na ahadi walizopewa mataifa makubwa. Lakini mji mzima ulimshikilia, naye akatia sahihi. Mwanzo wa Februari 1864 majeshi ya Prussia na Austria yakavuka mpaka. Tarehe 18 Aprili ngome za Dybbøl zikaanguka, na kwa mkataba wa Vienna wa Oktoba mwaka ule Denmark ikapokonywa Schleswig, Holstein na Lauenburg, zaidi ya thuluthi moja ya nchi yote aliyokuwa akiitawala.

Je, mkwe wa Uingereza alifanya nini? Alexandra alilia, na mumewe alisema waziwazi kwamba yu upande wa Denmark. Lakini mume wa Alexandra hakuwa serikali. Mawaziri wa Uingereza walipima gharama, wakaona hawawezi kwenda vitani pasipo msaada wa Ufaransa, wala Ufaransa haikutaka. Basi hawakupeleka hata meli moja. Tena Malkia Victoria alikuwa na binti mkubwa ambaye mwaka 1858 aliolewa na mrithi wa ufalme wa Prussia, na binti huyo ndiye aliyesaidia kumtafutia kaka yake mke, Alexandra mwenyewe. Mtaona jinsi ilivyo: nyumba moja ilikuwa na wakwe kwa mpigaji na kwa mpigwaji pia. Mwenye wakwe kila upande hana mkwe upande wowote, maana mkwe wa huyu ni mkwe wa adui yake vile vile. Hilo ndilo somo la kwanza, na Mfalme Christian alilisoma kwa kuondokewa na nchi.

Hakuacha lakini kuoza watoto. Dagmar alichumbiwa na mrithi wa Urusi. Kijana akafa mwaka 1865 kabla ya arusi, na mwaka 1866 akaolewa na ndugu yake, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Alexander wa Tatu. Desturi hiyo ya ndugu kumwoa mchumba wa marehemu haitawashangaza watu wa makabila yetu. George wa Ugiriki alioa binti wa ukoo wa kifalme wa Urusi mwaka 1867. Frederik alioa binti wa Mfalme wa Uswidi mwaka 1869. Thyra aliolewa mwaka 1878 na mrithi wa Hanover, nchi ambayo Prussia iliimeza mwaka 1866. Valdemar alioa binti wa ukoo wa wafalme wa zamani wa Ufaransa mwaka 1885.

Basi ikawa desturi, wakati wa jua la Ulaya, wote kukutana kwa baba yao katika kasri la Fredensborg. Jina hilo maana yake ni Ngome ya Amani, kwa kuwa lilijengwa baada ya vita vya Denmark na Uswidi kumalizika mwaka 1720. Hapo Alexander wa Tatu, ambaye kwao Urusi alikaa katikati ya walinzi kwa kuwa baba yake aliuawa kwa bomu mwaka 1881, alitembea bustanini akicheza na watoto wa mashemeji zake. Hapo watoto wa Alexandra walicheza na watoto wa Dagmar. Na kwa wengi wetu, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo hawaitwi binamu. Huitwa ndugu, wala hapana jina jingine.

Kati ya watoto hao wawili ndio tutakaowafuata katika habari yetu: George, mwana wa Alexandra, na Nicholas, mwana wa Dagmar. Vijana hawa walifanana mno, kwa uso, kwa ndevu na kwa umbo. Mwaka 1893, siku ya arusi ya George mjini London, wageni walimshika Nicholas mkono wakimdhania kuwa ndiye bwana arusi. Picha zao zipo mpaka leo, na mtu asiyezoea huhitaji kuyatazama mavazi ndipo awatofautishe. Waswahili wana neno: undugu ni kufaana, si kufanana. Liwekeni akilini mwenu, tutalirudia.

Hatusemi kwamba undugu wa Fredensborg haukuwa na faida. Alexander wa Tatu alipofariki mwaka 1894, Alexandra na mumewe walisafiri mpaka Urusi wakakaa na mjane katika matanga. Mwaka 1905 Norwei ilipojitenga na Uswidi ikatafuta mfalme, ilimwendea mjukuu wa Christian, naye alikuwa amemwoa binti wa Alexandra. Na hilo lilipita kwa kura na kwa amani. Lakini Ngome ya Amani ilikuwa nyumba ya mapumziko, haikuwa ofisi. Majalada ya dola hayakufunguliwa pale.

Tutatoa ushahidi ulio karibu nasi. Wengi wenu mmesikia hadithi kwamba mlima Kilimanjaro ulikuwa wa Malkia Victoria, naye akampa mjukuu wake Kaisari Wilhelm kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, kwa kuwa bibi alikuwa na milima miwili na mjukuu hana hata mmoja. Ni hadithi tamu, na mipaka ikitazamwa katika ramani, jinsi inavyopinda penye mlima, mtu huisadiki. Lakini si kweli. Mpaka ule ulikatwa kwa mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, na Wilhelm hakuwa Kaisari mpaka mwaka 1888. Hapakuwa na bibi wala mjukuu. Palikuwa na watu wa ofisi, ramani, na kalamu. Sisi watumishi wa ofisi tungepaswa kuwa wa kwanza kuikataa hadithi hiyo, maana twajua mstari huchorwa na nani.

Ushahidi wa pili ni wa mwaka 1890. Serikali ya Uingereza ilitaka kuipa Ujerumani kisiwa kidogo cha Heligoland katika bahari ya kaskazini, na Ujerumani kwa upande wake iiachilie Witu na ikubali Unguja iwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Alexandra aliliona jambo hilo kwa macho ya binti wa Denmark, kwa kuwa Heligoland kilikuwa cha Denmark zamani, naye hakuisahau 1864. Aliandika maelezo, akayapeleka kwa mawaziri na wakuu wa vita, akieleza kwamba kisiwa kile kitawafaa Wajerumani siku ya vita baharini. Hakukosea, mahali pale palikuja kuwa ngome ya manowari zao. Lakini mkataba ulitiwa sahihi tarehe 1 Julai 1890 vile vile. Karatasi ya mke wa mrithi wa ufalme ilisomwa, na shauri likapita njia yake. Nasi twajua karatasi za namna hiyo: huandikwa juu yake kwamba imeonekana, kisha huwekwa mahali pake.

Mfalme Christian alifariki tarehe 29 Januari 1906, akiwa na miaka 87. Alikuwa mfalme wa watu wote nyumbani, lakini aliepushwa na kuona yaliyofuata. Twende sasa mpaka Mei 1913, mjini Berlin. Binti wa pekee wa Kaisari Wilhelm aliolewa na mwana wa Thyra, mjukuu wa Christian, na kwa arusi hiyo ugomvi wa miaka 47 baina ya nyumba ya Hanover na nyumba ya Prussia ukaisha. Hakika ilikuwa ndoa ya kuleta amani, kama wazee wetu wangalivyotaka. Arusini walikuwapo Kaisari Wilhelm, baba wa bibi arusi; Mfalme George wa Tano wa Uingereza; na Kaisari Nicholas wa Pili wa Urusi. George alikuwa mtoto wa mjomba wake Wilhelm na mtoto wa mama mkubwa wake Nicholas. Walikula pamoja, wakapigwa picha pamoja. Watatu hawa hawakukutana tena.

Miezi 14 baadaye, mwisho wa Julai 1914, Austria na Serbia zikaingia vitani, na Urusi na Ujerumani zikaanza kutazamana. Ndipo Wilhelm na Nicholas wakapelekeana simu, usiku na mchana, kwa Kiingereza, wakitia sahihi majina yao ya utotoni, Willy na Nicky. Kila mmoja alimsihi mwenzake azuie majeshi. Na Nicholas alijaribu kweli: tarehe 29 Julai, baada ya kupata simu ya Wilhelm, aliitangua amri ya kukusanya jeshi lote. Kesho yake waziri wake na majemadari walimwendea, wakamwonyesha kwamba haiwezekani kukusanya nusu ya jeshi, maana mpango wa nusu haukuandikwa. Naye akairudisha amri. Tarehe 1 Agosti Wilhelm naye, akidhani Uingereza itakaa kando, aliwaambia wakuu wake wageuze majeshi yote yaende mashariki tu. Jemadari wake mkuu alimjibu kwamba jambo hilo halifanyiki. Mwendo wa magari ya moshi ulikuwa umekwisha kuandikwa kwa kazi ya mwaka mzima, na ukivunjwa jeshi litakuwa kundi la watu tu.

Mabwana, tafakarini hapo. Hao ni makaisari wawili waliotajwa kuwa na amri juu ya kila kitu, na mmoja alishindwa na mpango usioandikwa, na mwingine akashindwa na mpango uliokwisha kuandikwa. Undugu ulikuwa katika simu zao. Vita vilikuwa katika majalada ya ofisi, vimewekwa tayari miaka mingi, na hakuna aliyeandika jalada la amani la kulingana nayo. Upendo wa Fredensborg haukupata karatasi ya kusimamia. Tarehe 4 Agosti Uingereza ikaingia.

Na siku nne baadaye, tarehe 8 Agosti 1914, manowari ya Waingereza ilikuwa ikipiga mizinga penye mnara wa simu isiyo na waya, Dar es Salaam. Mwezi wa Novemba watu waliuana Tanga. Vita vikatembea juu ya nchi yetu miaka minne, kutoka pwani mpaka maziwa, mpaka jemadari wa Wajerumani alipoweka silaha chini Abercorn, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya.

Mithali yetu yasema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Lakini ndugu wale walipogombana, wazee wetu hawakuachiwa jembe. Walitwishwa mizigo. Wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na homa, kuliko kwa risasi, wahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawana kaburi lijulikanalo. Kariakoo ya Dar es Salaam, mahali twendapo kununua ndizi na samaki, yalipata jina lake kwa kambi ya jeshi hilo la wapagazi. Mpaka uliochorwa mwaka 1886 uliwagawa watu wa kabila moja; huyu akamchukulia Mdachi mzigo, na ndugu yake akamchukulia Mwingereza, nao hawakuwa wamepelekeana simu yoyote. Ndiyo maana tulisema kwamba habari ya arusi za wafalme si ya wafalme peke yao.

Na wale ndugu wawili waliofanana? Nicholas na George walikuwa upande mmoja katika vita. Machi 1917 Nicholas alivuliwa ufalme, na serikali ya Uingereza ikakubali kwanza kumpokea yeye na jamaa yake. Kisha ahadi ikaondolewa. Na barua za katibu wa Mfalme George, ambazo baadaye zilisomwa na wenye kuandika historia, zaonyesha kwamba Mfalme mwenyewe ndiye aliyeomba iondolewe, kwa kuwa alihofu manung'uniko ya watu wake. Julai mwaka ule ule alibadili jina la ukoo wake, likawa Windsor, ili lisisikike kama la Kijerumani. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918 Nicholas, mkewe na watoto wao watano walipigwa risasi katika chumba cha chini cha nyumba moja mjini Yekaterinburg. Tulisema tutalirudia lile neno la Waswahili, nalo ni hilo. Walifanana kama shilingi na shilingi, na kufanana hakukuwafaa.

Lakini haki ituongoze tuseme na upande wa pili. Dagmar, mama yake Nicholas, alikuwa amekimbilia kusini mwa Urusi. Aprili 1919 manowari ya Waingereza ilimchukua kutoka Crimea, naye akaishi mpaka mwaka 1928, akafia Denmark, nchi aliyozaliwa. Dada yake Alexandra alimtangulia mwaka 1925. Wale watoto wawili waliolala chumba kimoja katika Jumba la Manjano walionana tena katika uzee wao. Undugu ulishindwa kuzuia vita. Ulipata meli moja ya kumwokoa kikongwe mmoja. Tusiudharau, lakini tuujue kipimo chake.

Liko jambo moja zaidi. Ile Schleswig iliyopotea mwaka 1864 haikurudishwa na Alexandra, wala Dagmar, wala Thyra. Baada ya vita, mwaka 1920, watu wa Schleswig wenyewe waliulizwa kwa kura, kila mtu akaandika atakako. Sehemu ya kaskazini, iliyo na Wadenmark wengi, ikachagua kurudi Denmark, na ile ya kusini ikachagua kubaki Ujerumani. Julai mwaka ule mjukuu wa Christian, Mfalme Christian wa Kumi, alivuka mpaka wa zamani akiwa juu ya farasi mweupe. Ndoa sita hazikuleta hata shamba moja la Schleswig. Sanduku la kura lililetea nusu yake.

Basi, wana chama, nini tunachojifunza? Hatusemi mtu asimpende shemeji yake, wala asitoe binti yake kwa jirani. Twasema kwamba undugu una mahali pake, nao ni nyumbani, penye ugonjwa, arusi na matanga. Na haki ya watu wengi ina mahali pake, nayo ni katika mapatano yaliyoandikwa, yaliyosomwa mbele ya wote, yakakubaliwa kwa kura, na yakawekwa mahali ambapo mtu yeyote aweza kuyatazama. Anayeliweka la pili juu ya mabega ya la kwanza ataangukiwa na yote mawili.

Tumesikia wengine wakisema, mtu ana haja gani na chama, ikiwa mjomba wake ndiye karani mkuu? Atakapotaka likizo, mjomba atasema neno. Atakapohamishwa, mjomba atazuia. Ndugu huyo tunamwuliza: mjomba wa Mfalme Christian alikuwa nani, na alizuia nini? Mkubwa wa leo huhamishwa kesho. Na huyo mjomba ana wapwa wengine, kama vile Malkia Victoria alivyokuwa na binti Berlin na mkaza mwana kutoka Copenhagen; siku wapwa wawili watakapogombea nafasi moja, atanyamaza. Lakini ombi lililoandikwa kwa jina la chama, likatiwa sahihi na kupewa namba, halina shangazi wala mjomba; ni la mwenye jamaa na la asiye na jamaa sawasawa.

Sisi tulioketi hapa hatukuzaliwa katika nyumba moja. Tumetoka pwani na bara, makabila mbalimbali, dini mbalimbali, na nyuso zetu hazifanani. Watu wa nje wakitutazama watasema hawa hawana undugu. Lakini kila mmoja anapotoa ada yake kwa wakati wake, anaposikiliza hesabu ikisomwa na kuuliza asipofahamu, anaponyoosha mkono kukubali au kukataa, kisha akalishika neno lililopita hata kama yeye alilikataa, hapo twafanya jambo ambalo wafalme wa Fredensborg, pamoja na mapenzi yao yote, hawakulifanya hata siku moja. Twafaana bila kufanana.

 Na mwenye swali na aulize.